Tovuti ya koperative ikikwama: tupunguze mzigo kwanza



Koperative ikiandika bei ya mpunga kwenye tovuti yake, mnunuzi wa Kindu anaisoma bila kutuma mtu barabarani. Lakini siku ingine anafungua na kukuta nambari 508: kipimo cha matumizi kimefikiwa. Mnunuzi hangoji, anatafuta mpunga kwa wengine. Tuone sababu na dawa yake.

Tovuti nyingi za bei ndogo zinakaa kwenye serveri ya pamoja, ni kusema kompyuta moja inayobeba tovuti za watu wengi. Iko sawa na mashini ya kukoboa ya vijiji vingi: mmoja akileta mifuko yote mara moja, wengine wanakwama. Juu ya hiyo, kila mteja anawekewa vipimo: nafasi ya kuweka vitu, nguvu ya kazi, na hesabu ya maombi yanayoingia kwa wakati mmoja.

Nafasi inajazwa na foto na barua pepe za zamani. Foto moja ya simu inaweza kuwa na mega 3 hadi 5. Ipunguzeni mpaka upana wa pikseli 1,200 kabla ya kuiweka. Hata mtu mwenye mega chache ataifungua.

Nguvu inaliwa na programu za nyongeza. Kama mnatumia WordPress, ondoeni zile zisizo na kazi. Kisha wekeni moja ya kutunza nakala ya kurasa. Bila hiyo, serveri inapika upya kwa kila mgeni. Ikiwepo, inapakua tu chakula kilichoiva. Ila mkibadilisha bei, futeni nakala ya zamani, mnunuzi asisome bei ya juzi.

Kisha muulizeni mwenye serveri: ni kipimo gani kilifikiwa, na saa ngapi? Pengine waliojaza mlango si wanunuzi, ni programu zinazozunguka intaneti kusoma kurasa. Hizo zinaweza kuzuiwa.

Mkiisha kufanya yote haya na tovuti bado inakwama, ndipo mlipie nafasi kubwa zaidi. Pesa hiyo inatoka kwenye michango ya wanachama. Isilipie mzigo usio na faida. Na bei iandikwe pia kwenye ubao wa depo, maana si kila mtu yuko na simu ya intaneti.