Mkoromaji hajisikii: mwenza wake ndiye shahidi

Ijumaa moja baada ya swala, mume na mke walifika katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu hapa Tarime wakiomba wasuluhishwe. Mume ni dereva wa lori la mizigo kati ya Sirari na Mwanza. Alilalamika kwamba kwa miezi minne mkewe amehama kitanda na kulala chumba cha watoto, na kwamba huo ni uasi wa mke kwa mumewe.

Mke aliinamisha kichwa, kisha akasema: “Mashekhe, sijamkimbia mume wangu. Anakoroma sana, lakini hilo nimelizoea. Linalonitisha ni pale anaponyamaza. Pumzi hukatika, nahesabu mpaka kumi na tano, mpaka ishirini, ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Nikimwamsha ananigombeza. Nikimwacha, nakesha. Nimehamia kwa watoto ili nami nipate usingizi wa kunifikisha alfajiri.”

Mume alishangaa. Hakuwa na habari ya jambo hilo hata kidogo. Kwa idhini yao, na bila ya kuwataja majina, nimeona niyaandike haya, kwani nyumba zenye mgogoro kama huu si chache, nao hufichwa kwa sababu ya haya.

Kwanza tuelewe kwamba kukoroma si aibu wala si dhambi. Katika Sahihi Bukhari, Ibn Abbas (r.a) anasimulia kuwa alilala nyumbani kwa khalati yake, Mama wa Waumini Maymuna (r.a), akamsikia Mtume (s.a.w) akitoa sauti ya pumzi usingizini. Swahaba hakuona tatizo kulisimulia hilo. Basi mume asione kuwa ametukanwa anapoambiwa kuwa anakoroma, na mke naye asilifanye jambo hilo kuwa kichekesho mbele ya mashoga zake.

Sauti hiyo hutokana na nini? Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Akilala chali, ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa inapojipenyeza kwa nguvu, nyama laini za kaakaa na kilimi hutikisika, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Unene, hasa wa shingo, huibana njia hiyo zaidi. Kadhalika pua iliyoziba kwa mafua, vumbi au moshi, uvutaji wa sigara, na dawa za usingizi. Vileo, ambavyo sheria yetu imekwisha viharamisha, navyo huilegeza mno misuli ya koo.

Mkoromo wa kawaida huwasumbua wanaousikia tu. Upo mwingine wenye hatari, nao ni ule aliousimulia mke yule. Njia ya hewa huziba kabisa, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ubongo humshtua mtu ili avute hewa. Kwa aliyezidiwa, jambo hili hutokea mara 30 au zaidi katika saa moja, naye asubuhi hakumbuki hata moja. Huamka na kichwa kizito na mdomo mkavu, na mchana husinzia akiwa amekaa. Maradhi haya huambatana na shinikizo la juu la damu, na huuchosha moyo.

Tulipomuuliza dereva yule kuhusu kusinzia, alikiri kwamba amewahi kuzinduka lori likiwa limekwisha acha lami. Alikiri pia kuwa hupitwa na swala ya alfajiri na husinzia katika khutba, akidhani ni udhaifu wa imani. Hatari hiyo haimhusu yeye peke yake. Yumo kijana wa bodaboda, yumo mchimbaji wa zamu ya usiku kule Nyamongo, na wamo wote wanaokutana nao barabarani.

Tiba huanzia nyumbani, na sehemu yake kubwa tunayo katika Sunna. Al-Baraa bin Azib (r.a) amepokea mafundisho ya Mtume (s.a.w) ya kutawadha kabla ya kulala na kulalia ubavu wa kulia. Anayelala kwa ubavu, ulimi wake haurudi nyuma kwa urahisi. Ambaye hugeuka chali akiwa usingizini aweke mto nyuma ya mgongo, au ashone mpira mdogo mgongoni mwa fulana ya kulalia.

Katika hadithi ya Miqdam (r.a) aliyoipokea Tirmidhi, tumefundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Anayekula ugali mwingi usiku na kulala papo hapo amelinyima fungu la pumzi haki yake. Kupunguza uzito ni miongoni mwa njia zenye manufaa makubwa kwa mkoromaji mnene. Vilevile Mtume (s.a.w) alichukia mazungumzo baada ya Isha pasipo haja. Leo mazungumzo hayo yamehamia kwenye simu, ilhali mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi.

Penye dalili za kukatika pumzi, mto hautoshi. Mgonjwa aende hospitali ya wilaya, iwe Tarime au Mugumu, apimwe shinikizo la damu na kuchunguzwa pua na koo. Ikihitajika, atapewa rufaa hadi Bugando jijini Mwanza. Ipo mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisizibe. Njia hiyo iliasisiwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Bei yake si ndogo, lakini kuijua hali yako mapema ni nusu ya salama. Mtoto anayekoroma kila usiku naye apelekwe, kwani mara nyingi huwa na uvimbe wa tezi za koo na pua unaotibika.

Salman (r.a) alimkumbusha Abu Dardaa (r.a) kuwa nafsi yake ina haki juu yake na ahli yake ana haki juu yake, na Mtume (s.a.w) akathibitisha kuwa Salman amesema kweli. Katika jambo hili haki hizo mbili zimekutana kitanda kimoja. Aliyelala hawezi kujishuhudia. Mwenza wake ndiye shahidi, na ushahidi wake ni amana. Mke auseme kwa upole, na mume aupokee bila ghadhabu.

Dereva yule alikwenda hospitali, akakutwa na shinikizo la juu la damu, akaandikiwa barua ya kwenda Mwanza. Mpaka atakapopata tiba kamili, amemwomba tajiri wake asimpangie safari za usiku. Mkewe amerudi chumbani. Anasema bado huamka na kuhesabu, ila sasa akimgusa bega mumewe hugeuka ubavu bila ya kugomba.

Mwenyezi Mungu atujaalie usingizi wenye utulivu na nyumba zenye kusikilizana. Amin.