Saratani ikifika kwenye mifupa: Mionzi ya siku moja yaweza kutuliza maumivu

Kwa mgonjwa wa saratani anayeishi Kaniama, mkoani Haut-Lomami, DR Congo, hesabu ya matibabu huanzia kwenye safari. Mji huo uko kwenye reli ya SNCC itokayo Lubumbashi kupitia Kamina kuelekea Kasai. Mashine ya mionzi haipo Kaniama, wala Kamina, makao makuu ya mkoa.

Kwa watu wa huko, basi, kuna jambo moja linalofaa kujulikana: maumivu ya saratani iliyosambaa hadi kwenye mifupa mara nyingi hutulizwa kwa mionzi ya siku moja tu.

Kwa nini mfupa unauma

Saratani za matiti, tezi dume na mapafu ni miongoni mwa zinazosambaa zaidi kwenye mifupa. Seli zake husafiri kwa damu na kutua kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu au paja. Zikishatua, huchochea mwili ubomoe mfupa kuliko unavyoujenga. Mfupa hudhoofika na neva zake hukereka. Wengi husema maumivu huzidi usiku.

Mionzi huua sehemu ya seli hizo na kupunguza kemikali zinazoamsha maumivu. Haiondoi saratani mwilini. Lengo lake ni mgonjwa alale, akae na atembee.

Mara moja au mara kumi?

Kwa miaka mingi ilizoeleka kutoa grei 30 kwa vipindi 10, yaani wiki mbili, au grei 20 kwa vipindi vitano. Grei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Tafiti zilizohusisha maelfu ya wagonjwa zililinganisha utaratibu huo na dozi moja ya grei 8. Matokeo yalikaribiana: kwa njia zote mbili, takriban wagonjwa sita kati ya 10 walipata nafuu.

Tofauti ni kwamba waliotibiwa mara moja walihitaji kurudiwa mara nyingi zaidi, karibu mmoja kati ya watano, wakati kwa wengine ni chini ya mmoja kati ya 10.

Mionzi yenyewe huchukua dakika chache na haiumi. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine ya nje harudi na mionzi nyumbani, hivyo anaweza kumbeba mtoto wake bila hofu. Nafuu huanza baada ya siku kadhaa hadi wiki nne. Siku za mwanzo maumivu yanaweza hata kuongezeka, kwa hiyo dawa zisiachwe ghafla.

Dozi moja haimfai kila mtu. Mfupa uliovunjika au unaokaribia kuvunjika huenda ukahitaji upasuaji kwanza. Na mwenye saratani akiishiwa nguvu miguuni, akifa ganzi au akishindwa kudhibiti mkojo, hiyo ni dharura: uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa kunaweza kumfanya apooze.

Radiamu ya Katanga

Historia ina kejeli yake. Madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915. Kuanzia 1922, kampuni ya Union Minière ilikuwa ikitoa radiamu kutoka kwenye madini hayo katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Hospitali za Ulaya zilitibu saratani kwa radiamu ya Katanga. Leo watu wa ardhi hiyohiyo ndio wanaosafiri kutafuta mionzi.

Kinshasa kuna tiba hiyo katika Hospitali ya Nganda. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, Zambia ina hospitali ya saratani mjini Lusaka iliyofunguliwa mwaka 2007. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lilizindua mpango wa Rays of Hope, na DR Congo ikawa miongoni mwa nchi saba za kwanza.

Lakini mashine huharibika. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago, ilikufa. Mpya ilianza kazi rasmi Januari 2018.

Wakati safari inasubiriwa

Uganda hiyohiyo ina somo jingine. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ya kunywa. Tangu 2004, wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Dawa hiyo haihitaji mashine wala umeme, na mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani.

Kwa familia inayojiandaa kusafiri, maswali matatu ya kuuliza kwa simu yanaweza kuokoa fedha na mateso: Je, mashine inafanya kazi sasa? Je, picha za mgonjwa zinaweza kutumwa mapema? Na je, kwa maumivu haya, dozi moja inatosha?