Kabla ya Kujaza Gesi, Tuzitazame Nyaya

Msimu wa kaskazi ukifika, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la pwani yetu huja pamoja na unyevu, na safari fupi ya kutoka Kisauni hadi Mji wa Kale huwachosha watoto kuliko siku nzima ya masomo. Hapo ndipo familia nyingi hukumbuka kwamba gari lao lina kiyoyozi, na kwamba kiyoyozi hicho hakijatoa baridi tangu mwaka jana. Gari hupelekwa gereji, fundi akasema gesi imekwisha, gesi ikajazwa na pesa zikalipwa. Wiki mbili baadaye hewa ya moto hurejea kana kwamba hapana lililofanyika.

Wiki hii twapenda kuzungumza nanyi, wapenzi wasomaji, na hasa akina mama wanaowabeba watoto kila siku kwenda shule na madrasa, juu ya sehemu ya kiyoyozi isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni nyaya zake. Ukikosea katika gesi, utapoteza pesa. Ukikosea katika waya, gari laweza kuungua na watu wamo ndani.

Kwanza tufahamu kazi yake. Baridi hutokana na kompresa, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini. Katika magari ya Packard ya mwaka 1940, yaliyokuwa ya kwanza kuuzwa Marekani yakiwa na kiyoyozi kutoka kiwandani, dereva aliyetaka kukizima ilimbidi asimamishe injini, afungue boneti na kuuvua mkanda. Magari yaliyofuata yalitiwa klachi ya sumaku: umeme ukifika, klachi hushika na kompresa ikazunguka, umeme ukikatika, huachia. Kwa hiyo kompresa nzima yenye gesi tele haitatoa baridi hata kidogo iwapo waya mmoja mwembamba umekatika.

Umeme huo hauendi moja kwa moja. Hutoka kwenye betri ya volti 12, ukapita katika fyuzi, kisha katika relei, ndipo ukafika kwenye klachi. Relei ni swichi inayoendeshwa na swichi nyingine: kitufe cha dashibodi hupitisha umeme mdogo tu, na relei ndiyo inayobeba ule mkubwa. Njiani kuna pia swichi ya shinikizo, ambayo hukata umeme gesi inapopungua mno au inapozidi. Kila kimoja kati ya hivi ni mlinzi. Fyuzi huulinda waya usiungue, relei hukilinda kitufe, na swichi ya shinikizo huilinda kompresa.

Kwa nini nyaya za gari kuukuu huharibika? Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 8, hivyo gari la miaka ya 1990 linalotembea leo Mombasa, Malindi au Lamu limekaa nasi muda mrefu na limepita katika mikono ya mafundi wengi. Joto la injini limeikausha ala ya plastiki hata ikapasuka. Hewa ya chumvi imeingia kwenye maungio, na shaba imeota koga ya kijani. Juu ya hayo, huyu alikata waya ili atie king'ora, na yule akaunga mwingine ili atie redio. Ungio bovu huzuia umeme, na umeme uliozuiwa hugeuka joto. Ndiyo maana mara nyingine plagi ya feni hukutwa imeyeyuka.

Dalili zake zatambulika hata na asiye fundi. Ikiwa feni ya ndani hupuliza katika kasi ya juu peke yake, na kasi nyingine zimekufa, mara nyingi kilichoungua ni rezista ya feni, na gesi haihusiki. Ikiwa baridi ni nzuri barabarani lakini hugeuka joto mkiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, ishukiwe feni iliyo mbele ya kondensa, au waya wake, kwa kuwa gari likisimama hapana upepo mwingine wa kuipoza kondensa hiyo. Ikiwa baridi huja na kupotea gari linaporuka matuta, huenda ungio limelegea. Na mkisikia harufu ya plastiki inayoungua, zimeni kiyoyozi papo hapo, simameni pembeni na mtoke nje.

Jambo tunalolihofia zaidi ni lile ambalo baadhi ya mafundi huliita "kuweka dairekti". Fundi hukosa kuuona waya uliokatika, akavuta waya mpya kutoka betri hadi kwenye klachi au feni bila fyuzi wala relei. Baridi hutoka siku ile ile na mwenye gari hushukuru. Lakini waya huo ukichubuka na kugusa bodi ya gari, hapana cha kuukata umeme, nao utawaka. Mwingine huipita swichi ya shinikizo. Kwa kuwa mafuta ya kompresa huzunguka pamoja na gesi, gesi ikivuja kompresa itazunguka kavu hadi ife. Mwingine tena hutoa fyuzi ya ampea 10, ambayo kwa kawaida ni nyekundu, akatia ya ampea 30, ambayo ni ya kijani. Fyuzi haitakatika tena, na badala yake utaungua waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, karibu na miguu ya abiria.

Kazi njema ya kufunga nyaya upya ina alama zake. Fundi huondoa kwanza ncha hasi ya betri. Hutumia waya wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba, wala si waya mgumu wa nyumba ambao hukatika kwa mtikisiko. Fyuzi huiweka karibu na betri. Maungio huyabana kwa koleo maalumu au kuyatia risasi, akayafunika kwa mrija unaonywea kwa joto. Kusokota waya na kuuzungushia utepe mweusi hakutoshi, kwani gundi ya utepe hulainika karibu na injini. Panapopita waya katika tundu la bati, huweka pete ya mpira. Waya wa ardhi huufunga kwenye bati lililosuguliwa likang'aa. Na nyaya zenye ala ya njano hazigusi, kwa kuwa aghalabu ni za mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali.

Kabla ya kulipa, twashauri aulizwe kwa upole maswali matatu: "Fundi, umeme umepimwa kwa mita ukafika kwenye klachi? Fyuzi ya waya huu iko wapi, na ni ya ampea ngapi? Kuna swichi yoyote uliyoipita?" Fundi mwaminifu hatakasirika, atafungua boneti na kuonyesha. Anayejibu, "Mama, wewe washa tu, hayo niachie mimi," hajajibu. Gari ni la familia, na anayeliendesha ana haki ya kujua lililofanywa ndani yake. Unapotazama injini inayozunguka, kusanya buibui, mtandio na mikono ya nguo, kwani mkanda hushika kitambaa kwa kufumba na kufumbua.

Tena kiyoyozi, hata kikiwa kizima, si mlezi. Tusimwache mtoto garini injini ikiunguruma huku tukiingia dukani kwa dakika chache. Fyuzi ikikatika au injini ikizimika, gari lililofungwa juani hupita digrii 40 kabla ya nusu saa, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Kaskazi haijaingia bado, na gereji hazijajaa. Huu ndio wakati wa kulipeleka gari likapimwe nyaya kwanza, kisha gesi.