Ukatili hauanzi na kofi

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa methali hiyo majirani wengi hujipa udhuru wanaposikia kilio usiku: "Ni mambo ya mume na mke, tusiingilie." Wiki hii tuzungumze juu ya kilio hicho, na hasa juu ya dalili zinazokitangulia.

Tuchukue mfano wa kata ya Yakobi, mkoani Njombe. Huko, kama kwingine katika Nyanda za Juu Kusini, mume, mke na watoto huinama pamoja shambani kwenye mahindi na viazi. Je, mavuno yakiuzwa, nani hushika fedha? Mume akiuza magunia yote, fedha zikaishia kwenye ulanzi, na mke akiuliza habari ya sare za watoto akajibiwa, "Ulikuja na shamba kutoka kwenu?", hapo hakuna aliyepigwa. Lakini ukatili umekwisha kuanza.

Si kila ugomvi ni ukatili. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Katika ugomvi kila mmoja husema lake, na kesho wakapatana. Katika ukatili mmoja husema, mwingine huogopa. Ukitaka kuijua nyumba, tazama baba au mama mwenye amri anapoingia jioni: je, mazungumzo yanaendelea, au yanakatika ghafla na watoto wakatawanyika?

Ukatili wa mwili unafahamika: kofi, teke, kuchomwa moto, kufungiwa nje usiku katika baridi ya Njombe. Kukabwa shingo ni hatari sana, hata kama hakuachi alama. Anayepigwa mara nyingi huficha. Leo ameanguka, kesho amejigonga mlangoni.

Ukatili wa moyo hauna kovu, lakini una dalili. Mtu hutukanwa mbele ya watoto, huitwa tasa au mjinga, hukatazwa kwenda kwa ndugu zake, hunyang'anywa simu, hutishiwa kufukuzwa au kuuawa. Mtoto naye huonyesha: alikwisha acha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, mkono ukiinuliwa, anashtuka. Wako pia wanaume wanaodhalilishwa, wakanyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Wengine watasema kumrudi mke ni mila. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, ilikwisha kujibu: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Kifungu cha 107 kinautaja ukatili wa mwili na wa akili pia, kuwa ni ushahidi unaoweza kuonyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika. Hata hivyo, katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, wanawake 58 katika kila 100 walikubali kwamba ziko sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mke. Sheria imeandikwa, lakini mioyoni bado haijaingia.

Basi tufanye nini? Aliyeumizwa aende kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apate fomu ya PF3, atibiwe. Akiwa katika hali mbaya, aanzie hospitali, fomu itafuata. Ofisa ustawi wa jamii yupo kwa kazi hiyo. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Nasi ndugu, wazee na majirani tuna wajibu wetu. Uvumilivu ni sifa njema, lakini haukuumbwa kuvumilia kipigo. Dada yako akirudi nyumbani na mtoto mgongoni, usianze na swali, "Ulimfanya nini mwenzio?" Mkaribishe jikoni kwenye moto, msikilize mpaka amalize, kisha umuulize kama ni salama kwake kurudi usiku huo.