Turubai au bati? Je, wajua haya kuhusu mapaa yanayopita Tunduma?

Simama kwenye mizani ya Mpemba, nje kidogo ya mji wa mpakani wa Tunduma, uyatazame malori yanavyosogea mojamoja. Hili limefunikwa turubai la bluu, lile lina kontena la chuma, jingine lina mapazia ubavuni. Pembeni yao bajaji inapita na paa lake la turubai, na nyuma yake kirikuu yenye bodi ya bati. Mwenye kila chombo alishaamua jambo moja kabla ya safari: paa laini au paa gumu? Mwenye gari la spoti kule Ulaya huumiza kichwa kwa swali hilohilo. Haya ni mambo machache ya kukusaidia kuyaelewa mapaa hayo.

Je, wajua kwamba tani 30 za shaba zinaenea kwenye sanduku la mita moja na nusu?

Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Kwa hiyo tani 30 zingeenea kwenye sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita 1.5. Watu wa Mbozi wana kipimo chao cha kulielewa hili: Kimondo chao cha chuma kina urefu wa mita 3 hivi tu, lakini kinakadiriwa kuwa na tani kumi na kadhaa. Ndiyo sababu lori la shaba kutoka Zambia au Kongo huonekana kama limebeba nusu mzigo. Mabamba yamelazwa mafungu mafungu juu ya sakafu ya tela, yametawanywa ili ekseli zigawane uzito, na turubai limelala chini kabisa.

Mvua ya siku mbili haiwezi kuiharibu shaba. Turubai lake kazi yake kubwa ni kuuficha mzigo macho ya watu na kuukinga na mikono. Lakini lori hilohilo likirudi na mbolea au saruji, tundu dogo kama sarafu linatosha kutia hasara. Turubai ni moja, ila wasiwasi wa mwenye mzigo umebadilika.

Je, wajua kwamba barabara ya malori haya, kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, iliwekwa lami kwa sababu njia nyingine haikutegemeka tena?

Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ya Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini, iliyopita Rhodesia kwenda baharini, haitegemeki tena. Malori yakageukia Dar es Salaam: kwenda Zambia yalibeba mapipa ya mafuta, kurudi yalibeba shaba. Barabara ilikuwa ya udongo, vumbi kiangazi na matope masika, hata ikaitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa.

Je, wajua kwamba turubai lilizaliwa baharini?

Mabaharia wa zamani walipaka lami kwenye kitambaa cha tanga ili maji yasipenye, wakafunika mizigo ya sitahani. Siku hizi lami imeondoka. Kitambaa ni cha nyuzi za poliesta kilichopakwa plastiki pande zote mbili, na hata kikichanika fundi hukiunga kwa joto.

Ufundi wa kulifunga haujabadilika sana. Mtazame utingo akiwa kazini jioni moja. Huanza mbele, upande wa kichwa cha gari, ili upepo wa mwendo usipate pa kuingilia. Pembe huikunja kama bahasha, mdomo wa kunjo ukiangalia nyuma. Kisha hupitisha kamba kwenye pete za chuma, moja baada ya nyingine, na kila pete anakaza kwa uzito wa mwili wake wote, mguu mmoja umekita ubavuni mwa tela. Akiacha pembe moja imelegea, upepo wa mwendo utaipiga usiku kucha, na asubuhi atakuta limechanika.

Pete zile zina kazi ya ulinzi pia. Mkataba wa TIR wa mwaka 1975, unaotawala mizigo inayovuka mipaka kwa lakiri katika nchi nyingi za Ulaya na Asia, unataka kwa kawaida pete ziwe karibukaribu, zisiachane zaidi ya milimita 200. Kamba moja huzipitia zote na lakiri hufungwa mwishoni, hivyo mkono hauwezi kupenya bila kuacha alama. Paa laini, likifungwa vizuri, linaaminika hata mbele ya ofisa wa forodha.

Je, wajua kwamba paa la kontena si gumu kama unavyodhani?

Kontena la kawaida hujengwa kubebeana na mengine: nguzo zake nne za pembeni zinaweza kuhimili mrundikano wa hadi tani 192. Lakini paa lenyewe ni bati lenye unene wa milimita 2 hivi, na kwa viwango vya kimataifa hujaribiwa kwa kilo 300 tu zilizowekwa juu ya eneo dogo la sentimita 60 kwa 30. Hao ni watu wanne wa wastani. Nguvu iko kwenye pembe na sakafu. Anayepandisha mzigo mzito juu ya kontena akidhani chuma ni chuma anajidanganya.

Je, wajua kwamba mvua inaweza kunyesha ndani ya kontena lisilovuja?

Mkulima wa kahawa wa Mbozi anapaswa kulijua hili. Kahawa iliyokaushwa vizuri bado ina unyevu wa asilimia 11 hivi. Ukipakia magunia 320 ya kilo 60 kwenye kontena moja, ndani yake umefungia maji zaidi ya lita 2,000, yaliyojificha kwenye punje. Mchana jua linapiga bati, hewa ndani inapata joto na kunyonya unyevu kutoka kwenye kahawa. Usiku ukiingia na baridi ya nyanda za juu, bati linapoa haraka kuliko magunia. Unyevu unagandama darini, unageuka matone, na matone yanadondoka juu ya magunia. Wasafirishaji huiita mvua ya kontena.

Dawa yake ni kukausha kahawa sawasawa, kutandika karatasi nene au maboksi kwenye kuta na juu ya magunia, na kuning'iniza mifuko ya kalsiamu kloridi inayonyonya unyevu. Paa gumu linazuia mvua ya nje, lakini linaweza kuzaa ya ndani. Turubai nalo linaweza kuvuja, ila mzigo chini yake hupata upenyo wa kupumua.

Je, wajua kwamba kila kilo ya paa unailipia kwenye mizani?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Kontena la futi 40 likiwa tupu lina karibu tani 3.8. Sasa piga hesabu ya turubai: mita 15 kwa 8 ni mita za mraba 120, na kwa gramu 650 kila moja unapata kilo 78. Ni kweli tela la kubebea kontena halina sakafu, kwa hiyo lenyewe ni jepesi kidogo. Hata hivyo mwenye lori anayehesabu kila tani atalifikiria turubai kwanza. Katikati ya hayo mawili kuna tela la mapazia, lililobuniwa Uingereza mwaka 1969: juu limefunikwa moja kwa moja, ubavuni pazia linavutwa kama la dirishani, na mashine ya kunyanyulia inapakia kutoka pembeni.

Je, wajua kwamba ukilikata paa la gari, mara nyingi gari huongezeka uzito?

Chukua boksi la viatu, toa mfuniko, ulishike huku na huku ulipinde. Linajikunja kirahisi. Rudisha mfuniko, uutie gundi, ujaribu tena: linakaza. Gari dogo lina tabia hiyohiyo. Ukiondoa paa, mtengenezaji hulazimika kuongeza vyuma sakafuni na kwenye fremu ya kioo cha mbele ili bodi isijipinde kwenye kona na mashimo. Na ukitaka paa gumu linalojikunja lenyewe, unaongeza mota na bawaba. Mazda MX-5 ilipopewa paa la aina hiyo mwaka 2006, iliongezeka takribani kilo 37 kuliko yenye paa la kitambaa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Peugeot waliuza magari yenye paa gumu la kukunja miaka ya 1930, na Ford wakatoa Skyliner mwaka 1957. Miaka ya 1970 watengenezaji waliogopa kwamba Marekani ingepiga marufuku magari ya wazi kwa sababu ya ajali za kupinduka, na baadhi ya magari mapya ya spoti yakatoka na paa gumu pekee.

Je, wajua gari la spoti lenye paa gumu lililoshinda Safari Rally?

Ni Datsun 240Z. Lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Nissan, watengenezaji wake, hawakuliuza na paa la kitambaa. Kwa mashindano ya vumbi jekundu, mito iliyofurika na mashimo yasiyohesabika, bodi iliyofungwa na kukaza ilikuwa mali.

Je, wajua kwamba dawa ya paa la bati linalochoma ni bati la pili?

Land Rover za kwanza za mwaka 1948 zilikuwa na turubai. Za paa gumu zilipofika nchi za joto, dereva aliokwa kama mkate. Watengenezaji wakaweka bati la pili juu ya la kwanza, wakiacha nafasi hewa ipite katikati. La juu linapokea jua, la chini linabaki kivulini. Mtu wa Kamsamba, bondeni Momba, anayejua tofauti ya nyumba ya nyasi na ya bati mchana wa Oktoba, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua paa, jiulize unachokiogopa zaidi: mvua, mwizi, joto, au mizani. Mwenye shaba, mwenye kahawa na mwenye bajaji hawatajibu sawa, na wote watakuwa sahihi. Mvua za Songwe huanza Novemba. Kama paa lako ni la turubai, Oktoba likague mishono na pembe. Na kama una lori, mnunulie utingo wako mkanda wa usalama na viatu visivyoteleza. Paa hilo analipanda yeye, usiku, likiwa limelowa, ili mzigo wako ufike mkavu.