Jenerali Pickert na Mizigo ya Stalingrad



Sisi wa darasa la sita tulipofika kwa vita vya Stalingrad katika somo la historia, wengi tulijua jina la Paulus tu. Mimi nataka kuwaeleza habari za mwingine, Wolfgang Pickert, jenerali wa mizinga ya kupiga ndege. Hakuwa mkubwa sana katika vita ile, lakini siku moja aliulizwa neno, na jibu lake lilikuwa la kweli.

Alizaliwa mwaka 1897 kule Posen, mji ambao leo ni Poznań katika nchi ya Poland. Katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa askari wa mizinga, na baadaye akaingia jeshi la anga. Msishangae: kwa Wajerumani mizinga ya kupiga ndege, ile waliyoita Flak, ilikuwa chini ya jeshi la anga. Ule uliojulikana zaidi ulikuwa wa milimita 88. Kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 9 hivi, na ndani yake mlikuwa na kitu kama saa ndogo. Askari waliitega kwanza, ili kombora lipasuke kule juu ndege inapopita. Hata kama halikuigusa, vipande viliitoboa. Tena mzinga ule ule, ukishushwa mdomo, unavunja kifaru. Basi majenerali wote waliutaka karibu nao, na divisioni ya 9 ya Flak, ambayo Pickert aliiongoza tangu 1942, ikafuatana na jeshi la 6 la Paulus mpaka Stalingrad.

Tarehe 19 na 20 Novemba 1942 Warusi walishambulia pande mbili, na tarehe 23 wakakutana nyuma ya Wajerumani. Watu kama 250,000 wakafungiwa ndani.

Siku moja mbele ya kufungwa, wakubwa walikutana Nizhne-Chirskaya, karibu na mto Don. Schmidt, msaidizi mkuu wa Paulus, alimuuliza Pickert angefanya nini. Akajibu kwamba angekusanya nguvu zote na kutoka upesi. Schmidt akasema esansi haitoshi, na wagonjwa wataachwa. Afazali jeshi lingoje na kulishwa kwa ndege. Pickert akakataa: jeshi zima haliwezi kulishwa kwa ndege, tena wakati wa baridi.

Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Jeshi lilihitaji angalau tani 300 kila siku. Ndege Junkers 52 ilibeba tani 2 hivi. Ni ndege 150 kutua kila siku, katika theluji na ukungu, na Warusi wanapiga! Lakini Göring, mkubwa wa jeshi la anga, aliahidi kwamba itawezekana, na Hitler akakataza jeshi kutoka.

Sasa sikieni: ni nani aliyewekwa kusimamia kazi ya ndege kule ndani? Ni Pickert mwenyewe. Akarudi ndani, akatii. Mizinga yake ikalinda uwanja wa Pitomnik, na mizigo ikafika kama tani 100 tu kwa siku. Watu walikula farasi wao, kisha wakakosa hata farasi. Wajerumani walipoteza karibu ndege 490 katika kazi ile.

Wengine wanamsifu kwa jibu lake. Mimi naona jibu ni zuri, lakini halikumshibisha askari hata mmoja. Vita yenyewe ilikuwa ya kunyang'anya nchi ya wengine, na yeye aliitumikia mpaka mwisho.

Katikati ya Januari 1943 alitoka kwa ndege kwenda kutoa habari kwa wakubwa. Alipotaka kurudi, ndege haikuweza kutua, na hivyo akapona. Pitomnik ikaanguka tarehe 16. Watu kama 91,000 walikamatwa mwishoni. Waliorudi kwao hawakuzidi 6,000 hivi, na wa mwisho walifika 1955.

Pickert aliunda divisioni yake upya, akapigana Kuban na Krimea, kisha Normandie mwaka 1944 akiongoza kikosi kikubwa cha 3 cha Flak. Baada ya vita aliandika kitabu juu ya Kuban na Sevastopol. Alikufa mwaka 1984, akiwa na miaka 87.