Kiwango cha Kuhitimu na Uteuzi wa Chuo cha Uhandisi: Mtazamo kutoka Lushebere

Makala haya yanachunguza swali ambalo mzazi wa Lushebere, wilayani Masisi, hulikabili pindi mwanawe apatapo Diploma ya Taifa: ni chuo gani cha uhandisi kitakachomfikisha mwisho wa masomo? Masisi ni nchi ya malisho, na karo mara nyingi hutokana na ng'ombe aliyeuzwa. Ng'ombe huyo harudi zizini kijana akikatiza masomo katika mwaka wa pili.

Njia ya kawaida ni ile ipitayo Sake hadi Goma, ambako kuna Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL), kilichoanzishwa mwaka 1985, pamoja na Taasisi ya Juu ya Ufundi Tumizi (ISTA). Wachache huenda mbali zaidi, hadi Kitivo cha Politekiniki cha Lubumbashi.

Lugha yetu hutofautisha kufaulu na kuhitimu: mtu hufaulu mtihani, bali huhitimu masomo yote. Vyuo, kwa bahati mbaya, huchanganya mambo haya mawili. Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi 100 wanaingia mwaka wa kwanza. Baada ya miaka 5 wamesalia 30, na kati yao 27 wanafaulu mtihani wa mwisho. Chuo kitatangaza asilimia 90, na hakitakuwa kimesema uongo. Lakini aliyeuza ng'ombe anahitaji kujua kuwa ni 27 kati ya 100.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 ilivitaka vyuo kutangaza hesabu inayoanzia kwa walioingia, na shahada ya miaka 4 hupewa muda wa miaka 6. Hata hesabu hiyo ina kasoro, kwani anayehamia chuo kingine hahesabiwi kuwa amehitimu pale alipoanzia. Kwetu kasoro hiyo ingekuwa kubwa zaidi. Goma ilipotekwa na M23 mnamo Januari 2025, aliyekimbilia mji mwingine na kuendelea na masomo huko hakuwa ameshindwa na hisabati.

Kwa hiyo sababu za kuacha masomo zina uzito kuliko asilimia yenyewe. Katika uhandisi, kikwazo kikuu huwa ni hisabati na fizikia za mwaka wa kwanza. Aliyesoma mkondo wa ualimu katika shule ya sekondari hukutana nazo akiwa mgeni, hata kama diploma yake ina alama nzuri. Chuo chenye masomo ya matayarisho, na chenye wasaidizi wanaosahihisha mazoezi kila juma, humfaa kuliko chenye jengo la fahari. Tena mfumo wa LMD, ulioanza kuenezwa nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, humruhusu mwanafunzi kupanda mwaka akiwa bado anadaiwa masomo kadhaa. Madeni hayo yakilimbikizana, hucheleweshwa asihitimu kwa wakati.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Matokeo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo: atafutwe aliyenakili orodha ya mwaka wa kwanza ya miaka 5 iliyopita, ilinganishwe na ile ya wahitimu wa sasa, jina kwa jina. Kisha waulizwe wale ambao majina yao hayapo. Wengi wao wamerudi Masisi, na hawaishi mbali.